Seva ya maandishi, chama cha kwenye gemu au meza ya sauti: mgeni wa michezo ya kuigiza akapige hodi wapi?

Mhusika wangu wa kwanza kwenye michezo ya kuigiza mtandaoni, ile ambapo kila mchezaji anaamua matendo ya mtu aliyembuni, alivunjwa mkono kabla sijaandika sentensi yake ya tatu. Alikuwa mvushaji, mtu wa makamo mwenye kigugumizi, anayevusha abiria mtoni kwa mtumbwi. Nilimfikiria wiki nzima. Nikamwingiza kwenye tukio la nyumba ya wageni kando ya mto, nikaandika kwamba ameketi pembeni akisubiri mvua ipite. Mchezaji mmoja mkongwe akaandika kwamba mhusika wake amemfuata mvushaji, amemkunja mkono, mfupa umelia, na mvushaji amepiga magoti akiomba asamehewe. Yote hayo katika ujumbe mmoja. Hakuniachia hata nafasi ya kusema kama mvushaji alikwepa. Nilipokwenda kwenye chumba cha mazungumzo ya nje ya mchezo nikaomba niwe najibu mwenyewe kwa niaba ya mhusika wangu, msimamizi alinijibu: "Huyo ndivyo alivyo, utamzoea."

Sikumzoea. Niliondoka baada ya siku 12.

Miezi michache baadaye, kwenye kundi jingine, kisa kilekile kilijirudia karibu neno kwa neno. Safari hii msimamizi aliingia kati ndani ya dakika chache: "Tusimame kidogo. Futa hiyo sentensi ya mwisho, mwenzako ndiye aamue kama amepigwa." Yule mchezaji akafuta, akaniomba radhi, tukaendelea. Ulimwengu wa kundi hilo la pili ulikuwa wa kawaida kabisa, ramani yake imechorwa harakaharaka, na wachezaji hawakuzidi 15. Nilikaa nao miaka mitatu.

Ndiyo maana watu wakiniuliza wakaanzie wapi michezo ya kuigiza wahusika mtandaoni, siwalinganishii michoro wala hadithi. Nawalinganishia jambo moja: mtu akisema "hapana, hilo silitaki", nini kinatokea baadaye? Kila aina ya mahali pa kuchezea ina jibu lake, na majibu hayafanani.

Seva za maandishi na mchezo wa zamu

Nianze na zile ambazo wengi hukutana nazo kwanza, yaani seva za maandishi, hasa za Discord, programu ya mazungumzo ya makundi iliyoanza mwaka 2015. Kikundi kinafungua seva, kinagawa vyumba: hiki ni soko la mji, kile ni msitu, kingine ni cha maongezi ya kawaida nje ya mchezo. Unaandika anachofanya mhusika wako, mwenzako anajibu. Faida yake kubwa kwa mgeni ni kwamba unaweza kusoma kabla ya kusema. Rudi nyuma kurasa kadhaa uone watu wanavyoishi. Hakuna meza ya sauti, yaani mchezo wa kuongea badala ya kuandika, itakayokupa nafasi hiyo.

Wasimamizi wa seva hizi wana zana za kutosha wakitaka kuzitumia. Wanaweza kumnyamazisha mtu kwa muda, kupunguza kasi ya mazungumzo yakipamba moto, kuweka kichujio cha maneno ya matusi, kumfukuza mtu moja kwa moja. Tatizo ni hilo "wakitaka". Seva ni mali ya aliyeifungua, na aliyeifungua mara nyingi ni rafiki wa wale watano wa mwanzo. Ukigombana na mmoja wao, kesi yako inasikilizwa na jamaa zake.

Kuna mambo mawili ya kiufundi ambayo mgeni anapaswa kuyajua mapema. La kwanza, kumzuia mtu hakumtoi kwenye seva. Ujumbe wake kwako unafichwa, lakini wenzako wanausoma, na yeye anaendelea kuwamo kwenye tukio ulilomo. La pili, mtu akifuta ujumbe wake mwenyewe, kwako haupo tena. Kwa hiyo ukiandikiwa jambo chafu, piga picha ya skrini kabla ya kujibu. Ukijibu kwanza, naye akafuta, yatabaki maneno yako ya hasira peke yake.

Ndugu wa seva hizi ni mchezo wa kuandika kwa zamu, ambapo kila mtu anaandika aya kadhaa, pengine moja kwa siku au hata kwa wiki. Hapa ndipo ningempeleka mtu mwoga, mwenye kazi nyingi, au anayeandika kwa lugha isiyo yake. Mwanasaikolojia John Suler aliandika mwaka 2004 kuhusu namna watu wanavyolegeza breki wakiwa mtandaoni: hawaonekani, hawajulikani, na hawalazimiki kumtazama waliyemwambia neno. Alionyesha pia kwamba pazia hilohilo linalomfanya mmoja awe katili humfanya mwingine awe mkarimu na mkweli kuliko alivyo ana kwa ana. Nimeliona hilo mara nyingi. Watu ambao hawafungui mdomo mbele ya kundi wanaandika wahusika wenye moyo mkubwa. Mchezo wa zamu unawapa nafasi, na ukikasirika unaweza kulala kwanza, ukajibu kesho. Ubaya wake ni uchovu: hadithi nyingi hufa katikati, bila ugomvi wowote, kwa sababu wawili wameacha kuandika.

Vyama ndani ya gemu kubwa

Upande wa pili ni gemu zinazochezwa na maelfu kwa wakati mmoja. World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004, ina seva zilizotengwa kwa waigizaji, na jina la Argent Dawn kwa wachezaji wa Ulaya au Moon Guard kwa wa Marekani linajulikana sana. Final Fantasy XIV inamruhusu mchezaji kuweka alama karibu na jina lake kuonyesha kwamba anaigiza, na kule Amerika Kaskazini seva ya Balmung imejijengea jina kwa uigizaji. Unatembea mjini, unaona watu wamekaa kwenye baa wakizungumza kama wahusika wao, unaweza kukaa karibu ukasikiliza.

Kwa mgeni huu ni mlango mzuri kwa sababu hujajifunga. Watu wasipokufaa, unainuka unakwenda barabara ya pili. Tena kuna kampuni nyuma ya gemu yenye sheria na kitufe cha kuripoti, kwa hiyo mwenye chama, yaani kiongozi wa kikundi cha wachezaji ndani ya gemu, si mfalme wa mwisho. Mtu anayekutukana hadharani au kukufuata kila mahali unaweza kumshtaki juu ya kichwa cha kiongozi wake.

Lakini kampuni haitakusaidia katika yale yanayoumiza zaidi. Haijui kwamba chama kizima kimeacha kukualika kwenye matukio. Haijui kwamba kiongozi anagawa nafasi nzuri kwa anayemsifu. Hayo hayamo kwenye sheria za gemu yoyote, na ndiyo yanayowafukuza watu kimyakimya kuliko matusi. Pia mtaa wa wazi una wapita njia. Watu wasioigiza huja kurukaruka juu ya meza zenu na kuwacheka, na wanapochoka huondoka. Hao nawaambia wageni wasiwajibu hata neno moja. Chama kizuri utakijua hapo: wakongwe watakufundisha siku ya kwanza jinsi ya kuwaficha watu hao kwenye skrini yako, kisha wataendelea na tukio kana kwamba upepo umepita.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ya uchafu wote huu ni majina halisi. Blizzard, kampuni yenye World of Warcraft, ilitangaza Julai 2010 kwamba wachezaji watakaoandika kwenye majukwaa yake rasmi wataonyesha majina yao ya kweli. Wachezaji wakaja juu, na siku chache tu baadaye mpango ukaondolewa. Nadhani walikuwa na haki. Jina halisi linamfichua anayeonewa kuliko anayeonea, kwa sababu mwonevu hana haya hata kwa jina lake. Kundi likikutaka utoe jina lako kamili, mahali unapofanya kazi au picha yako ndipo wakupokee, usiingie.

Meza ya sauti, na miji ya sauti

Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wa mezani wenye kete, ilitoka mwaka 1974, na leo makundi mengi yanaicheza mtandaoni kwa programu kama Roll20, sauti zikiwa wazi na msimulizi mmoja akiongoza watu wanne au watano. Kwa utamu wa mchezo, mimi sijaona kinachoishinda meza ya sauti iliyotulia. Unacheka na watu, unasikia wakivuta pumzi kabla ya kete kuanguka.

Kwa usalama, ni shilingi yenye pande mbili. Meza ni ndogo, kwa hiyo tabia mbaya haijifichi. Msimulizi anaisikia papo hapo. Ila sauti haibaki. Mtu akikudhalilisha kwa sekunde nne, huna cha kuonyesha. Na sauti inakutangaza: wanawake wengi, na watu ambao lafudhi yao inawatofautisha, wanajua jinsi meza inavyoweza kubadilika mara tu wanapofungua mdomo.

Kinachonifanya bado niipendekeze ni kwamba utamaduni wa meza umetengeneza zana nzuri kuliko sehemu nyingine zote. Mwaka 2013 John Stavropoulos alianzisha kadi ya X: yeyote akiguswa na jambo asilolitaka anagusa kadi, au akiwa mtandaoni anaandika herufi X, tukio linabadilishwa, na halazimiki kueleza sababu. Kabla ya hapo Ron Edwards alikuwa ameshaleta wazo la mistari na mapazia. Mstari ni jambo ambalo halitaingia kabisa kwenye hadithi yenu, pazia ni jambo linaloweza kutokea lakini haliigizwi mbele ya watu. Meza makini huyapanga haya kwenye kikao cha maandalizi, kabla ya mhusika yeyote kuzaliwa. Mimi nisipoitiwa kikao hicho, huomba. Msimulizi akikasirika kwa kuombwa, nimeshapata jibu langu bila kupoteza jioni.

Halafu kuna miji ya sauti, yaani zile seva za gemu ya Grand Theft Auto V zinazoendeshwa kwa programu ya FiveM, ambayo timu yake ilichukuliwa na Rockstar, kampuni yenye gemu hiyo, mwezi Agosti 2023. Huko unaigiza polisi, dereva wa teksi, jambazi. Seva nyingi hukutaka ujaze maombi kwanza, na sheria zake ni kali: usiue bila sababu ya kihadithi, usitumie siri uliyoisikia nje ya mchezo kana kwamba mhusika wako anaijua. Sheria ni nzuri, lakini umati ni mkubwa, mambo ni ya kasi, na baadhi ya wachezaji wanarusha matangazo ya moja kwa moja wakiwa na watazamaji ambao wanaweza kukuvamia kwa matusi kwa sababu tu mhusika wako amemkamata mhusika wao kipenzi. Mgeni asianzie hapo.

Second Life, iliyofunguliwa mwaka 2003, nayo ina maeneo ya uigizaji yenye mavazi na majengo ya kupendeza sana. Nitasema tu kwamba kila eneo lina mwenyewe na sheria zake, kwa hiyo soma bango la mlangoni kabla ya kuingia.

Mhusika mbaya na mchezaji mbaya

Wageni wengi huvichanganya hivi viwili, na kosa hilo hugharimu pande zote. Nimecheza na mtu aliyekuwa akiigiza jambazi wa kutisha kuliko wote kwenye seva. Kabla ya kila tukio alinitumia ujumbe mfupi: "Leo nataka kumteka mdogo wake mvushaji. Sawa? Nisivuke wapi?" Baada ya tukio aliuliza kama niko salama. Mhusika wake alikuwa shetani, yeye mwenyewe mtu wa heshima.

Kinyume chake ni yule ambaye mhusika wake ni mpole, mponyaji, mwenye maneno matamu, lakini mchezaji mwenyewe anakuandikia inboksi usiku akilalamika kwamba umecheza na mwingine. Au anayekwambia mambo yenu yasifike kwa msimamizi. Au anayeharakisha kutaka kujua umri wako, unaishi wapi, unalala na nani chumbani. Na anapoulizwa, ana jibu moja tu: "Ni mhusika wangu, si mimi." Mhusika hana vidole. Kila neno limeandikwa na mtu, na mtu huyo anawajibika.

Jambo hili lina umri mrefu. Mchezo wa kwanza wa ulimwengu wa maandishi unaochezwa na watu wengi pamoja, MUD, uliandikwa na Roy Trubshaw na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kuanzia mwaka 1978. Kufikia mwaka 1993, kwenye LambdaMOO, ulimwengu wa aina hiyo uliojengwa na Pavel Curtis wa kituo cha utafiti cha Xerox PARC, mchezaji mmoja alitumia kijiprogramu kuandika matendo ya udhalilishaji wa kingono kana kwamba wahusika wa wenzake ndio wanaoyatenda, hadharani, sebuleni mwa ulimwengu huo. Mmoja wa wenye wahusika hao alisimulia kwamba alilia machozi ya kweli. Na kwa nini mambo yalivurugika sana baadaye? Kwa sababu wasimamizi walikuwa wameshatangaza kwamba wamejitoa katika migogoro ya kijamii, wachezaji wamalizane wenyewe. Hapakuwa na utaratibu wa kumtoa mtu. Mwishowe msimamizi mmoja aliifuta akaunti ya mkosaji kwa uamuzi wake, kisha Curtis akaweka mfumo wa wachezaji kupiga kura. Mkosaji akarudi kwa jina jingine.

Kwa hiyo ninaposikia kiongozi wa seva akijisifu kwamba "sisi hatuingilii, watu wazima wanamalizana wenyewe", ninaelewa kwamba ameshachagua upande. Amemchagua mwenye kelele.

Kupima mahali kabla ya kuweka mizigo chini

Kaa wiki nzima ukisoma. Tazama salamu ya mgeni inavyojibiwa. Katika makundi yasiyofaa, salamu inapewa vikatuni vitatu na kimya. Katika makundi mazuri, mtu anaandika: "Mvushaji? Basi kesho mhusika wangu ana mzigo wa kuvusha, saa ngapi upo?" Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hapa ni hivyohivyo. Kama wiki imepita hujapewa cha kufanya, si kosa lako, na huna haja ya kuzidi kubembeleza.

Sikiliza wanavyowazungumzia walioondoka. Kundi ambalo kila aliyeondoka alikuwa "mwendawazimu" au "mfitini" litakuita hivyo nawe siku moja. Soma sheria, lakini usidanganyike na wingi wake. Nimeona seva yenye sheria zaidi ya 40 ambapo hakuna iliyowahi kumgusa mkongwe. Bora sheria sita zenye jina la mtu wa kumwendea, na jina la pili endapo mlalamikiwa ni yule wa kwanza.

Kisha muulize msimamizi swali hili, kwa heshima na bila kuzunguka: "Mtu akimfanyia mhusika wangu jambo nisilolitaka, nifuate njia gani?" Jibu zuri ni fupi na lina hatua. Jibu la "hapa hatuna matatizo hayo" ni la kukimbia.

Na kama una mdogo wako wa miaka 14 anayetaka kucheza, mtafutie kundi la rika lake linalosimamiwa na watu wazima hadharani, na zima kwenye Discord ruhusa ya wanaseva kumwandikia inboksi. Kundi linalochanganya watoto na watu wazima kwenye matukio ya mapenzi halifai hata kama kila mtu humo ni mchangamfu.

Yakishatokea

Simamisha tukio kwanza, kwa sentensi moja ya nje ya mchezo: "Nasimama hapa, hili silitaki." Usijieleze sana. Maelezo marefu humpa mbishi vipande vya kung'ata. Wengi, nasema kwa miaka niliyocheza, wataomba radhi hapohapo, maana hawakujua. Ikiwa haachi, piga picha, peleka kwa msimamizi mambo matatu tu: nini kiliandikwa, lini, na unaomba nini. Mtu akikutishia, akitafuta au kusambaza habari zako za maisha halisi, au akimwandikia mtoto maneno ya kingono, hiyo si kesi ya msimamizi peke yake. Ripoti kwenye programu yenyewe, na polisi pia.

Kuna siku wewe ndiye utakayeambiwa umevuka. Mimi niliwahi kuambiwa. Nilikuwa nimeandika mzaha kuhusu mazishi kwenye tukio, kumbe mwenzangu amefiwa wiki ile. Moyo ulitaka kujitetea kwamba sikujua. Niliandika: "Samahani, naufuta, nawe uongoze tuanzie wapi." Baadaye ndiye aliyenifundisha kuandika vizuri kuliko wote.

Msimamizi akiwa ndiye tatizo, usianzishe vita ya kumpindua. Nimeziona vita hizo. Zinakula miezi, zinagawa marafiki, na seva inabaki yake. Waage wawili watatu unaowapenda kwa inboksi, wape njia ya kukupata.

Mwenye jioni mbili kwa wiki na moyo wa woga, ningempeleka kwenye mchezo wa zamu au seva ya maandishi isiyozidi watu 30. Anayependa kutembeatembea na hana hakika na anachotaka, aanze na gemu kubwa yenye seva ya waigizaji na asijiunge na chama mwezi wa kwanza. Mwenye marafiki wawili tayari, meza ya sauti, na kikao cha maandalizi kwanza. Na popote utakapokuwa, maandishi ya mhusika wako yaweke nakala kwenye simu au kompyuta yako mwenyewe, kwa sababu siku utakayotoka au kutolewa huenda usiruhusiwe kurudi kuyachukua. Mvushaji wangu alinusurika kwa sababu nilikuwa nimemnakili usiku ule kabla ya kubonyeza kitufe cha kuondoka.